Kuni za Baba

Wambui mjukuu wangu,

Hapa Skuta tuko wazima. Mguu wangu umeacha kuuma, na dada yako amejifungua msichana mwenye sauti kubwa kama yako.

Unauliza kuna faida gani kujua maneno ya Kiingereza ambayo hata wenyewe hawayatumii, maana wenzako chuoni wanakucheka.

Baba yangu alizikwa Gakindu miaka michache baada ya uhuru. Alikuwa akimbebea mama kuni mgongoni, kamba kwenye paji la uso kama mwanamke, na wanaume sokoni walisema amekaliwa na bibi. Mama aliumia sana akisikia hivyo.

Siku ya mazishi, rafiki wa baba, mwalimu kutoka magharibi mwa Kenya, aliongea Kiingereza, naye mzee wa kanisa akatafsiri kwa lugha yetu. Mwalimu akasema baba alikuwa “uxorious”. Mzee wa kanisa akakwama. Basi mwalimu akaeleza mwenyewe kwa Kiswahili: “Ni mwanaume anapenda bibi yake kupita kiasi.”

Wanaume wengine wakacheka. Mama akainua kichwa.

“Mwalimu, kumbe hiyo kitu iko na jina?”

“Iko na jina, mama.”

Akamwomba alirudie, akalisema polepole mpaka likamkaa mdomoni. Hakujifunza neno lingine la Kiingereza maisha yake yote. Lakini tangu siku hiyo, mtu akimtania kuhusu zile kuni, alimjibu kwa neno hilo moja, akaendelea kuchambua maharagwe yake.

Wacha wacheke.

Cucu wako