Tumbo Tupu la Wapiga Dawa

Ubaruku, Mbarali
19 Machi

Kwako dada yangu Veneranda,

Kamwene, dada. Naomba barua hii ikukute umeamka salama, na kile kifua kinachokusumbua kila baridi ya Igowole inapoanza kiwe kimekuachia. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umechafuka. Ningekupigia simu, lakini haya nisingeyamaliza bila kukata, kwa hiyo nimempa Frida, anayekuja huko nyumbani, akuletee mkononi.

Uliniambia kwamba tangu shemeji Liberatus arudi kutoka huku anatetemeka mikono, jasho linamtoka akiwa amekaa tu, na kila asubuhi anasukuma bakuli la uji akisema hali kitu mpaka mchana. Majirani wanakwambia amerogwa. Usiwasikilize, dada. Hakuna aliyemroga.

Unajua mimi nawapikia watu kumi na wawili wanaopiga dawa kwenye mpunga. Harufu ya dawa ile imeniingia kwenye nywele na kwenye shuka. Mabomba ya mgongoni yanavuja, mashati yanawaganda mwilini, na maji ya kunawa yanachotwa kwenye mfereji uleule wanaosuuzia mabomba. Msimamizi wetu, Zabron, hukoroga dawa kwa mkono kisha akajimegea ugali kwa mkono huohuo. Nikimtazama nasukuma sahani yangu pembeni.

Kila ikifika saa nne walikuwa wanatoka kwenye majaruba ya mpunga kuja kutapika nyuma ya jiko langu, maana ndipo penye kivuli. Uji niliodamka kuukoroga nauona tena pale chini, na mimi ndiye wa kuufukia na kufagia. Ilinitia kinyaa, dada. Ilifika mahali nikawa siwezi kumwangalia mtu mzima akimeza.

Ilipoingia Kwaresima, Wakatoliki wanne, shemeji akiwa mmojawapo, walifunga. Wakapiga dawa tumbo tupu na hawakutapika. Wiki ileile alipita bwana shamba mmoja, akatusimulia kwamba kuna wataalamu waliwapunguzia panya chakula, na panya wale wakaistahimili sumu kuliko wenzao walioshiba. Zabron akaling'ang'ania neno hilo. Akafuta uji wa asubuhi kwa wote, halafu akasema glovu na barakoa hazina kazi tena, mwili wenye njaa unajikinga wenyewe. Nyanda, yule Msukuma mwenye ng'ombe, peke yake ndiye aliyekataa. Alisema miaka yote ya kuchunga ameona ng'ombe aliyekonda ndiye anayetangulia kufa. Walimcheka, na kesho yake Zabron akamfukuza.

Kumbe hawakutapika kwa sababu hapakuwa na cha kutapika. Sumu iliendelea kupenya kwenye ngozi kama kawaida. Nilimwona shemeji macho yakimtoka machozi na mate yakimponyoka kama mtoto anayeota meno, lakini aliponiaga alinishika mikono yote miwili, akanishukuru.

Sasa soma hapa ukiwa umekaa, dada. Nimemsingizia Zabron. Siku ya bwana shamba hakuwepo kabisa. Ni mimi niliyempelekea habari ile, na ni mimi niliyemshauri afute uji. Bwana shamba alimalizia kwa kusema kwamba panya wale walipunguziwa kidogo kidogo kwa muda mrefu huku wakilishwa vizuri, kwamba hakuna anayejua kama ni hivyo kwa mtu anayebeba bomba juani, na kwamba sisi tule na tuvae glovu. Hayo niliyanyamazia. Wala usidhani nilikuwa nawaonea huruma. Nilichoka kufagia matapishi yao, basi. Shemeji alisita mwanzoni kuvua glovu. Akaja kuniuliza mimi, kwa kuwa ni ndugu, kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli.

Najichukia kuliko ninavyoichukia harufu ya jiko langu. Ndani ya bahasha kuna karatasi niliyoibandua kwenye chupa ya dawa. Mpeleke shemeji hospitali leo hii, karatasi hiyo mpe daktari, mwambie amepiga dawa wiki tatu bila kinga na bila kula. Usimwambie amerogwa.

Jana asubuhi nilikoroga uji, nikawakusanya wote, nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe. Walinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu wakavaa mabomba yao wakaenda, uji haukuguswa. Mmoja alirudi kunituliza, akasema nisijilaumu, tangu nilipowafundisha hawajatapika hata siku moja. Shemeji naye atakujibu hivyohivyo. Usikubali, dada, hata akikukasirikia.

Nisalimie wanao na wote wa hapo nyumbani. Ukiona sistahili kujibiwa, nitaelewa, ila nijulishe tu kama amekula.

Mdogo wako,
Anjela