Kasha Lenye Kufuli

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo umekuachia. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo inachemka, na sitakuficha, maana wewe mwenyewe ulitulea tuseme kweli hata ikiuma. Nisalimie majirani na mafundi wako wote wa karakana.

Mama alinifikishia ujumbe wako juzi, neno kwa neno kama ulivyomwagiza: nirudi nyumbani kabla ya mwisho wa mwezi nikabidhiwe funguo za karakana, au nisikuite tena baba. Jibu lako utalipata humu humu. Ila kwanza nitaeleza habari ya kasha, kwa sababu nasikia umeshawatangazia ndugu wote kwamba binti yako amesusa nyumba kwa ajili ya boksi la kompyuta. Eti boksi! Haya, tulizungumze hilo boksi.

Kazi yangu unaijua, ingawa hupendi kuitaja. Nawatengenezea wahandisi picha za majengo ambayo hayajajengwa, mtu anaingia sebuleni na kupanda ngazi kwenye skrini kabla hata msingi haujachimbwa. Kompyuta ikifanya kazi hiyo inapata moto kwelikweli na feni zinanguruma. Chumba changu na chenu vilikuwa ukuta mmoja, na wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kulalamika kwamba hulali mchana. Ndiyo maana nikaamua kuipoza kwa maji: maji yanapita juu ya kile kinachochemka, yanabeba joto hadi kwenye rejeta kama ya gari, ila ndogo, yanapoa, yanarudi. Ulicheka mpaka ukapaliwa. Ulisema maji na umeme ni wachumba gani hao.

Baba, mtu anayejenga kompyuta ya namna hiyo huanza na kasha, kwa sababu kasha ndilo linaloamua mengine yote. Nilizunguka madukani na futi mkononi. Nilitaka nafasi ya rejeta mbili, moja juu na moja mbele, pamoja na unene wa feni zake. Nilitaka mbele kuwe na wavu wa kupitisha hewa, chini kuwe na nafasi ya bomba la kumwagia maji siku ya kuyabadilisha, na ubavuni kuwe na kioo. Kioo hicho hakikuwa cha urembo kama ulivyodai. Maji yakianza kuvuja, jicho ndilo linalowahi. Basi nililipata kasha lenyewe, nikakuomba unisindikize kulibeba. Lo, laiti ningekodi mkokoteni!

Unakumbuka ulichofanya dukani? Uliligonga kwa kidole, ukamwambia muuzaji mbele ya wateja kwamba kopo la rangi lina bati nene kuliko hilo, na kwamba binti wa fundi hanunui makopo baba yake akiwa hai. Muuzaji alinitazama, mimi nikatazama sakafu. Tukaliacha pale kwa heshima yako, na heshima ile nimeijutia.

Kasha langu ukalitengeneza wewe. Hukuniuliza hata mara moja ndani kitakaa nini. Ulikata bati kwa kipimo kile kile cha makabati ya ofisi unayoyatengeneza tangu sijazaliwa, ukalipaka kijivu, ukatoboa safu moja ya vitundu pale juu, na mlangoni ukatia komeo na kufuli. Kufuli, Baba! Kwenye kompyuta! Nilipokuonyesha kwamba rejeta ya juu haikai sawa, ukaniambia niende zangu kwa wahandisi wangu, nikirudi nitaikuta imekaa.

Nikaikuta imekaa kweli. Nikaunganisha mipira ya kupitishia maji, nikayatia maji yenyewe, nikawasha pampu peke yake huku nimetandika karatasi laini chini ya kila kiungo, kama inavyotakiwa. Asubuhi nzima halikudondoka tone. Ndipo nikawasha mashine yote, nikaipa kazi. Mchana wakaja rafiki zako wanne, nawe ukataka waione kazi ya mikono yako. Ulifunga mlango wa kasha ili wauone ulivyonyooka, ukabana kufuli, ufunguo ukautia mfukoni, ukaanza kuwahutubia. Nilisema kwa adabu kwamba nisingependa mlango ufungwe kwa kuwa sioni ndani. Ukasema wakubwa wanazungumza.

Ilianza harufu. Kisha skrini ikawa nyeusi. Wewe ukawa unajipapasa, suruali, shati, koti, ufunguo hauonekani, na maji yanapenya chini ya mlango wa kasha yanalowesha zulia la Mama. Hadi ufunguo unapatikana, kadi ya picha, ile inayochora majengo yangu, ilikuwa imeshaungua. Kazi ya wahandisi ilitakiwa wiki ile ile, wakampa mtu mwingine.

Hayo ningeyameza. Vitu huungua. Nililoshindwa kulimeza ni maneno yako. Ulisimama mbele ya wale rafiki zako ukasema binti hakukaza mipira, kwamba mikono ya kike ni ya kukandia unga, vyuma waachiwe wenyewe. Wakacheka, mmoja akapiga paja kabisa. Nami nimesimama palepale na dekio mkononi, nimevuliwa nguo mchana kweupe na baba yangu mzazi.

Kesho yake niliitoa rejeta. Mipira ilikuwa imekaza barabara. Iliyotoboka ni rejeta: zile skrubu fupi zilizokuja nayo ulizidharau, ukatia za bawaba za milango, nazo zikapenya mpaka kwenye njia ya maji. Kukiwa baridi zilijiziba zenyewe, joto lilipopanda zikaachia. Nilikuletea mkononi nikakuonyesha. Ulisema rejeta gani hiyo ya kutobolewa na skrubu, ukageukia chai yako. Siku hiyo hiyo nikafungasha, nikapanga chumba.

Unataka kujua nilikwenda wapi kwa msaada? Kwa Baba Mdogo. Ndiyo, mdogo wako huyo huyo ambaye tangu mgawane karakana umetukataza hata kumpa mkono. Nilidhani naye atakimbilia mkasi wa bati, maana ni damu moja. Kumbe aliniomba nivipange vifaa vyote mezani, akauliza hiki kinafanya nini, na hiki kinatoa joto upande gani. Akapima, akakuna kichwa, akaniambia lile kasha la dukani linatosha kabisa, sasa yeye akate bati la nini? Alichonitengenezea ni kishikio kidogo tu cha kukalia pampu, nami nikarudi dukani nikalinunua, pamoja na rejeta na kadi nyingine. Kompyuta inafanya kazi, kimya, ndani ya kopo lako la rangi, na wahandisi wameanza kunipa kazi tena.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikutegemea kukuandikia. Juzi Mama alipomaliza kunipa ujumbe wako, aliitazama ile mashine, akaanza kulia. Alisema siku ile ulipokuwa unakaza skrubu alikuwa anapita na nguo za kuanika. Alikuambia hizo ni ndefu, zitatoboa. Ukamwambia akaanike nguo zake. Na siku ya maji, wageni walipoondoka, alikufuata chumbani, akakukumbusha. Ukamwambia akifungua mdomo wake kwa mtu yeyote, atafute pa kulala.

Kwa hiyo ulijua. Ulinitazama usoni na chai yako mkononi, rejeta nimeishika, na ulikuwa unajua. Uliwaonea haya rafiki zako, mimi hukunionea. Nimekuchukia kwa hilo, Baba, na naandika neno hilo nikiwa na akili zangu timamu.

Jibu langu ni hili. Sirudi. Funguo za karakana mpe umtakaye. Kuhusu kutokukuita baba, hilo huna uwezo nalo, wala mimi sina, umeshanizaa. Siku utakapowaita wale rafiki zako ukawaambia skrubu zilikuwa zako na mkeo alikuonya, nitakuja kukuamkia. Usijaribu kunidanganya kwamba umeshasema, kwa maana huyo mpiga paja hajawahi kutunza siri hata siku moja.

Na Mama usimtazamie Ijumaa kama mlivyoagana. Hakuna aliyemshawishi. Leo asubuhi amefungua mkoba, akatundika magauni yake nyuma ya mlango wangu, akaniambia: mdomo ameshaufungua, na pa kulala ameshapapata.

Wasalimie wote wanaoniulizia. Salamu za Mama sina, amesema akiwa nazo atakuletea mwenyewe.

Ni mimi,
Binti yako