Magugu ya Njia ya Mlangoni

Nyumba ya Pili Kutoka Kona,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Salamu nyingi zitoke kwangu zikufikie huko uliko. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na mapacha, meno yameshaota? Mimi ni mzima, ila goti linanisumbua nikiinama.

Hapa kimya. Tangu mama atutoke, redio naiwasha nikiamka na kuizima nikilala, ili nisikie tu mtu anaongea.

Juzijuzi dalali wa nyumba alisimama getini akamwuliza jirani yetu, fundi viatu, "Hivi hii nyumba imeachwa? Mbona majani yamefika mlangoni?" Nami niko dirishani nachambua mchele! Nikakohoa kwa nguvu mpaka akashtuka. Nilicheka, halafu nikalia.

Lakini hakusema uongo. Tulipokuwa wengi, njia ile haikuota hata jani moja. Lingeota vipi chini ya miguu yako isiyotulia? Sasa naipita peke yangu, na magugu yametoka kila penye ufa.

Basi fundi viatu akanifundisha dawa: siki nyeupe, chumvi, na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo ili ishike kwenye majani. Akanionya nisiifikishe bustanini, chumvi itaharibu udongo. Nikaitia kwenye chupa ninayonyunyizia nguo za kupiga pasi, nikatoka na jua kali.

Usinicheke. Kesho yake nikasahau, nikanyunyizia gauni langu jeupe dawa ile ile, nikalipiga pasi. Nilikwenda nalo sokoni nikarudi, nanuka siki kama chupa ya achari, na hakuna aliyeniambia. Siku hizi hakuna anayenikaribia kiasi hicho.

Magugu yamekauka yote, isipokuwa pale kwenye ngazi, ulipokuwa ukikaa kufunga kamba za viatu kabla ya shule. Nilielekeza chupa mara mbili, mkono ukagoma. Hayo nimekuachia, uje uyang'oe mwenyewe.

Njoo, mdogo wangu, hata kwa siku chache. Upweke umenizidi.

Fundi viatu anakusalimu sana. Mungu awalinde mtokapo na muingiapo. Msalimie wifi, uwabusu mapacha, na uwaambie kwamba nyumba hii haijaachwa. Shangazi yao bado yumo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Dada Mkubwa