Matofali ya Kushoto kwa Baba

Mufindi,
14 Januari 2024

Mwanangu Sosthenes,

Tumsifu Yesu Kristo. Kamwene. Hujambo wewe, Bupe mkeo hajambo, na wajukuu zangu je? Mimi mzima, ila goti bado linanikumbusha kila nikiinuka kwamba tulianguka pamoja. Masikio ni yaleyale, ndiyo maana naandika. Kwenye simu wewe unapiga kelele Mbeya, mimi napiga kelele huku, wanaosikilizana ni majirani.

Nimekubali. Nitahamia kwa mdogo wangu Eveline, Rujewa, mpaka goti lipone, na nyumba uwapangishe hao wageni wako wa wikendi. Sikatai kwamba paa linavuja, na kwamba nikianguka tena hapa peke yangu watakaonikuta ni kuku. Ila bado nacheka. Watu wanatoka mjini na kulipa ili waje kuangalia ukungu? Ukungu huu ulionifanya nianike nguo zako za shule juu ya moto?

Nakuomba mambo mawili. Kaburi la baba yako pale chini ya mparachichi, wageni wasilikalie. Na yale matofali nyuma ya banda la kuni usiyaguse. Unajua baba yako aliyachoma mwenyewe, pamoja na ya nyumba. Alipofariki nusu tulijengea kaburi lake. Nusu iliyobaki ni yangu, na mahali pangu ni pale kushoto kwake. Usimpe mtu hata tofali moja la kuzuilia mlango.

Mama yako.


Mbeya,
20 Februari 2024

Mama mpendwa,

Milele amina. Kamwene sana. Sisi wazima, wajukuu wako wanakusalimia na mkubwa anauliza kama Rujewa kuna viboko. Goti linaendeleaje? Mama mdogo Eveline hajambo?

Nyumba imependeza, ungeiona! Paa jipya, chumba chako kimepakwa rangi nyeupe, maji ya moto yanatoka ukutani. Wageni wa kwanza tulikuwa sisi wenyewe: mimi na Bupe, rafiki yangu Gwakisa wa kazini na mkewe Happy, na wenzetu wengine wachache. Jumamosi tulicheza muziki hadi Mika mlinzi akaacha geti akaja kucheza na sisi. Jumapili asubuhi Gwakisa alikaa kibarazani na kahawa yake, akaangalia mashamba ya chai, akasema hajui kwa nini tunajitesa mjini. Nilijisikia fahari, mama. Nilitamani baba angekuwepo amsikie.

Kilichokosekana ni mahali pa kuchomea nyama. Tulichomea kwenye mawe, moshi ukatutoa machozi sote. Nitamwambia fundi ajenge jiko zuri la nje. Kuhusu kaburi na matofali usiwe na wasiwasi, nimekuelewa. Si mtoto mimi.

Mwanao, Sosthenes.


Rujewa,
19 Mei 2024

Mwanangu Sosthenes,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Mbeya, na za Bupe na watoto? Sisi hatujambo. Mwambie mjukuu wangu viboko sijawaona, ila mbu wa huku wanakaribia ukubwa huo.

Joto, mwanangu. Najipepea na kifuniko cha ndoo. Wali upo na ni mtamu, siwezi kusema uongo, Eveline ananilisha kama ng'ombe wa Krismasi. Lakini nikishtuka usingizini nanyoosha mkono kuvuta blanketi, halafu nakumbuka kwamba huku hakuna blanketi. Nimepakumbuka kwangu hadi nalia. Nakwambia wazi ili usije ukasema hukujua.

Goti limepona tangu Pasaka. Nilidhani utaniuliza narudi lini. Hujaniuliza, basi na mimi naomba wikendi. Nataka kwenda na Paskalina na Devota wa jumuiya yetu. Hatujalala nyumba moja tangu msiba wa baba yako, walipolala na mimi chini kwenye mikeka mpaka tukamaliza matanga. Safari hii tulale vitandani, tule, tusengenye watu. Julai ni kumbukumbu yake, tutasali rozari pale kaburini. Tutalipa kama wengine.

Mama yako.


Mbeya,
11 Juni 2024

Mama mpendwa,

Milele amina. Pole na joto. Sisi wazima, baridi ya Mbeya mwaka huu si ya mchezo.

Mama, utalipaje kwenye nyumba yako mwenyewe? Usiseme hivyo, unaniumiza. Tatizo ni kwamba Julai yote imeshachukuliwa. Watu wa Dar es Salaam wanakimbilia baridi yetu, na Agosti kuna wale wa harusi. Nikiwatoa sasa watatusema vibaya mtandaoni na hatutapata wengine. Vumilia kidogo, Septemba nitakutafutia nafasi. Baba nitamwombea misa huku. Na kuhusu kurudi kabisa, tutaongea mwaka ukiisha.

Jiko la nje limekamilika. Mimi sijafika, kazi zimenibana, lakini fundi alinitumia picha ya nyama ikiwa juu yake na wageni wanalisifu sana.

Mwanao, Sosthenes.


Rujewa,
9 Oktoba 2024

Mwanangu Sosthenes,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini hamjambo wote. Mimi sijambo.

Septemba ilipita kimya, kwa hiyo nimekwenda. Mjukuu wa Devota alitushikia nafasi kwenye simu kwa jina la bibi yake, tukalipa, tukafika Ijumaa. Mika alipofungua geti akanitambua, akavua kofia na akaanza kulia. Nikamwambia, leo mimi mgeni, shika mfuko.

Tulifurahi, mwanangu, nisikufiche. Paskalina alioga maji ya moto asubuhi, mchana na jioni, akasema amelipia. Ukutani mmebandika karatasi inayosema wageni wasihamishe samani. Nilihamisha kiti kimoja tu, kile cha baba yako mlichokitupa stoo. Nikakirudisha kibarazani, tukakikalia kwa zamu tukicheka kama wasichana wa kipaimara.

Jumamosi ukungu ulipoondoka nikaenda kumsalimia baba yako. Sikumwona vizuri kwa sababu ya jiko.

Ni matofali yangu, Sosthenes. Baba yako alikuwa akiyafyatua anabonyeza kidole gumba kwenye udongo mbichi, kila tofali lina alama yake. Na jiko limekaa kushoto kwake, mahali pangu. Niliweka kidole changu kwenye alama moja, kikatoka na masizi. Devota alikuwa amekuja na kuku ili tumchome. Nilimwomba tumchemshe.

Usifikiri nimekasirika. Nimeumia, na hicho ni kitu kingine. Jiko usilivunje, wageni wamelizoea. Nimemwambia Eveline siku yangu ikifika mniweke hukuhuku Rujewa, makaburi ya parokia yana nafasi. Joto nitalizoea.

Jumapili tulitandika vitanda, tukafagia uwanja, nikamkabidhi Mika funguo. Akaniambia, mama, mgeni hafagii.

Mama yako.


Mufindi,
15 Oktoba 2024

Mama yangu,

Milele amina. Shikamoo, mama. Leo hata salamu zinanishinda.

Fundi alinipigia nikiwa kwenye kikao. Akauliza matofali anunue wapi, nikamwambia tumia yaliyopo. Akauliza ajenge wapi, nikamwambia penye kivuli. Basi, ni hayo tu niliyosema. Ulikuwa umeniandikia kwa mkono wako, na mimi nikamjibu mtu kwa haraka ili nirudi kwenye kikao.

Nimelivunja jana. Mika alitaka kunisaidia nikamkatalia, na mikono sasa ina malengelenge, usiponionea huruma utakuwa na haki. Tofali moja moja nimelisugua kwa brashi na sabuni. Masizi hayatoki yote. Yaliyopasuka kwa moto nitayatupa, nitafute mengine yanayofanana nayo. Alama za kidole cha baba nimeziona, mama. Nimekulia ndani ya nyumba hii na sikuwahi kuziangalia.

Wageni wote nimewarudishia fedha zao. Kitanda chako kimerudi chumbani, kiti kimebaki kibarazani. Jumamosi tarehe 26 nakuja kukuchukua. Sitaki kusikia habari za Rujewa wala makaburi ya parokia. Njoo ukae kwako, pale kushoto pabaki patupu mpaka mimi mwenyewe nizeeke. Nisamehe, mama. Nijibu, hata mstari mmoja.

Mwanao, Sosthenes.


Rujewa,
23 Oktoba 2024

Mwanangu Sosthenes,

Tumsifu Yesu Kristo. Kamwene. Barua yako amenisomea Eveline, mara mbili, maana ya kwanza tulilia tukakosa mengine. Nina homa kidogo tangu Jumapili, usiwe na wasiwasi, nimepata dawa.

Nimecheka uliposema umesugua matofali kwa sabuni. Wewe ambaye ukiambiwa uoshe sahani moja ulikuwa unagombana hadi na ukuta! Nimekusamehe tangu pale kwenye sabuni, hayo mengine umeongeza tu.

Yaliyopasuka usiyatupe. Siku ikifika yapange chini, mazima yakae juu, hakuna atakayejua. Na masizi yaache. Nimepika maisha yangu yote, masizi hayanitishi.

Waambie Paskalina na Devota waje Jumamosi, tunataka chumba kikubwa sisi watatu. Begi nimeshafunga. Lete blanketi ndani ya gari, maana tukifika Makambako baridi itaanza na mimi nimeshazoea kudeka huku.

Mama yako.


Alhamisi asubuhi

Sosthenes, naongeza mimi mama yako mdogo Eveline. Hii aliimaliza jana jioni akanipa, akasema niiwahishe kwenye basi la asubuhi. Naituma kama alivyosema. Nitakupigia pia, nitakwambia amezidiwa na uje haraka, kwa sababu lile jingine kwa simu sitaliweza. Ukisoma hapa utakuwa umeshanielewa.

Begi lake liko mlangoni, sijaligusa. Paskalina na Devota wamekwenda kufungua nyumba na kutandika chumba kikubwa. Mika nimemwambia asitupe tofali hata moja.

Blanketi ulete, kama alivyoomba. Na uje na gari kubwa.

Mama yako mdogo, Eveline.