Waliosaini Daraja Mtandao Ukiwa Umepotea

Mogogosiek,
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa Mama mpendwa,

Pokea salamu zenye harufu ya majani ya chai, maana nguo zote za nyumba hii hunukia hivyo. Mimi ni mzima. Je, mguu wako umeacha kuvimba? Na kuku wa Nyanya wameanza kutaga, ama bado wamegoma?

Juzi kwa simu uliniuliza kama watu waliosaini ombi la daraja letu ni watu kweli. Ukasema kama ni uongo nirudi nisomee nyumbani, kwa sababu hutaki nivuke mto juu ya gogo msimu huu wa mvua. Kisha kredi ikaisha. Kwa hivyo nakuandikia yote, na jirani yetu wa hapa, Mama Achieng, atakuletea barua hii akija huko matangani.

Ombi lilianzishwa na Kibet, mwenye duka la kuchapisha karatasi hapa sokoni. Anataka kuwa MCA, mwakilishi wa wadi yetu. Aliliweka mtandaoni, na kila jioni alitoka nje kutangaza idadi ya saini kama mtu anayetangaza mpira. Mimi nilisaini kwa jina langu lote, hata la ubatizo.

Halafu ikanyesha mvua ya mawe. Stima ikapotea, na mnara wa simu ukazima usiku kucha. Mtandao uliporudi nilikimbia dukani, nikakuta saini zimeongezeka maradufu.

"Kibet, hawa wamesaini na nini, na mtandao haukuwepo?"

"Hao ni diaspora, sista. Watu wetu wako Qatar, wako Marekani. Wanaipenda Mogogosiek."

"Wote wameipenda usiku mmoja?"

"Wewe soma vitabu, wachana na siasa."

Nilirudi hapa kwa Shangazi na huzuni, nikamwambia kuna watu wanaingiza majina ya uongo. Akaacha kukata sukuma wiki.

"Yawa, uongo gani? Mimi nimeingiza nyumba hii yote."

"Yote, Shangazi?"

"Mimi, mume wangu, watoto, wewe tena kama ulisahau, mama yako, babu yako..."

"Babu alikufa!"

"Na akija kututembelea hakuvuka huo mto? Tena nimemwandika Atieno."

Mama, Atieno ni ng'ombe. Nilimkazia Shangazi macho, lakini hakuona haya. "Tukipeleka chai kituoni, si majani ya nyumba nzima hupimwa kwa namba yangu moja ya mkulima? Hakuna karani ameuliza hili jani limechumwa na nani. Na Atieno huvuka mto kukushinda."

Jumatano akaja afisa wa barabara, viatu vinang'aa. Alisimama ng'ambo, upande wa lami na shule, akampigia Kibet kelele juu ya maji: "Saini zako zimeshinda watu wa wadi nzima! Serikali haijengei mizimu daraja. Nafunga faili!"

Kibet, ambaye kila jioni mdomo wake hauna breki, aliinama akafunga upya kamba za viatu.

Nilijiona nikifunga sanduku langu nije nyumbani. Nikainua mkono kama niko darasani. "Samahani, sir! Kituoni, karani akishuku gunia hamfukuzi mkulima. Humwaga majani, akatoa mabaya, akapima yaliyobaki. Tafadhali, na sisi utumwage!"

Watu walicheka, lakini Shangazi aligeukia mashamba akaita, "Waliosaini kweli, kujeni!" Wachumaji wakaja na vikapu mgongoni, akina mama na watoto, na mzee mmoja wa mkongojo. Hatukufika hata robo ya idadi ya Kibet. Atieno naye alikuja, ingawa hakuna aliyemwita.

Afisa akapanda gogo aje atuhesabu vizuri. Sisi hulivuka tukiwa tumevua viatu, na nilikuwa karibu kumwambia. Katikati aliteleza, akakaa majini mpaka kiunoni, faili juu ya kichwa kama mtungi. Tulinyamaza kwa heshima. Kisha Atieno akalia "mmmooo," na heshima ikaisha.

Mume wa Shangazi alimvuta nje. Afisa akakamua soksi, akamwambia Kibet, "Futa yote. Andika upya walio hapa, na uanze na mimi."

Ijumaa vijana wa kaunti walipiga vigingi vyekundu kila upande wa mto. Najua kigingi si daraja. Mwalimu wetu anasema kuna vigingi vilivyomzidi umri. Lakini hivi nimevigusa.

Mama, jina lako sikuliacha liandikwe upya, kwa sababu hukuliandika wewe. Wazazi wa wanafunzi wanaruhusiwa kusaini hata wakiwa mbali. Mama ya rafiki yangu Chebet, anayeishi upande wa shule, amekubali nilale kwake mto ukijaa. Ukikubali nibaki, andika jina lako hapa chini kwa mkono wako, na Mama Achieng atairudisha karatasi niipeleke kwa Kibet. Usipokubali, iache tupu, nami nitaelewa.

Nisalimie Nyanya, kaka yangu mshona nyavu, na shemasi aliyenifundisha kusoma. Atieno pia anawasalimu. Amefutwa, lakini hajanuna kama Shangazi.

Mimi bintiyo, ninayevuka polepole, viatu mkononi,
Akinyi

Jina la Mama: ..............................