Hewa ya Chumbani kwa Zabroni

Mbeya, Julai

Mama mpendwa,

Kamwene. Baridi ya Ipogolo inawatendeaje, na mgongo wa baba unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila mkono wa kulia umevunjika, naparura barua hii kwa kushoto. Kaa chini kwanza, mama. Atupele, mke wa Zabroni wetu, amefariki. Zabroni yuko hospitali, mbavu zimevunjika.

Waliingiza jiko la mkaa chumbani, wakaziba chini ya mlango kwa gunia. Asubuhi nilivunja mlango. Atupele alishakufa, midomo myekundu. Zabroni alikuwa anatapika, hajui hata jina lake.

Kaka za marehemu walikuja na fimbo. "Umemnyonga dada yetu. Maiti gani inakuwa nyekundu hivi?" Wakamkanyaga mdogo wangu kifuani, kwenye matope ya uani, mpaka akatapika damu. Mama, sikuvumilia. Nilichukua pasi ya mkaa ninayofanyia kazi ya ushonaji, nikampasua mmoja uso. Naye akanivunja mkono. Sijutii.

Polisi walitupeleka sote hospitali. Daktari aliuchunguza mwili, akamwita baba yake Atupele.

"Mzee, mapafuni kuna vifuko vidogo mno, vimezungukwa na vimishipa vya damu. Hewa safi inapenya ukuta mwembamba kuingia kwenye damu, hewa chafu inatoka papo hapo. Sasa mkaa ukiwaka mahali palipozibwa unatoa hewa ya sumu, hainuki wala haionekani. Hiyo inakalia nafasi ya hewa safi kwenye damu, haibanduki. Damu inabaki nyekundu, mtu anakufa usingizini. Shingoni hana alama."

"Mbona sisi tumelala na moto miaka yote?"

"Nyumba ya nyasi inapitisha hewa. Chumba kile ni saruji na dari."

Mzee akawaamuru wanawe watupe fimbo. Yule niliyempasua alilia kama mtoto. Sikumwonea huruma. Polisi wamemwachia Zabroni, lakini hataki kula. Anasema gunia aliliweka yeye.

Nisalimie baba, shangazi, mjomba fundi seremala, na mjukuu wako, mtoto wa Atupele, ambaye

Mama, nimeshtuka. Juzi uliniandikia kwamba mmehamia nyumba mpya ya bati, na unalala naye kando ya jiko la mkaa kwa ajili ya kikohozi chake. Litoe nje. Barua hii siipeleki posta, nampa dereva wa basi linaloondoka sasa hivi. Fungua madirisha, mama, umwamshe mtoto.

Mwanao,
Anyesi