Nusu Kikombe Kabla ya Kisu

Jumatatu, 4 Machi
Daktari katueleza leo. Mshipa mkuu kifuani mwa baba mkwe umevimba. Ukipasuka, basi tena. Watauwekea bomba la kitambaa kwa ndani, walipitishie pajani. Ila bomba litaziba njia ya damu ya mkono wa kushoto. Kwa hiyo kwanza wanamchana chini ya shingo, wauhamishe mshipa wa mkono, waushone kwenye ule wa shingoni. Nimeelewa nusu. Baba mkwe, fundi bomba tangu ujana, kacheka — kumbe wanahamisha laini ya maji kwanza! Kesho ndiyo siku. Kuanzia usiku asitie kitu mdomoni.

Jumanne, 5 Machi
Asubuhi nampashia mwanangu maziwa, baba mkwe kakaa mlangoni, midomo imemkauka. Huruma ikanishika. Nikampa nusu kikombe tu. Nilidhani wanachokataza ni shibe.

Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji nesi kamuuliza kama katia kitu mdomoni, naye kasema ukweli. Wakamrudisha! Angetapika kwenye usingizi wa dawa, maziwa yakaingia mapafuni. Nafasi nyingine wiki ijayo — na uvimbe uko palepale.

Mama mkwe kauliza nani kampa. Nikatazama sakafu.

"Nimeiba ya mjukuu," mzee akasema. "Nifungeni."

Jumapili, 10 Machi
Sasa anaitwa Mwizi wa Maziwa. Mume wangu hamsemeshi, eti mzee anachezea roho yake. Mzee akikohoa tu, naganda.

Nilimfuata mzee uani, nikamwambia nitasema.

"Mwanangu, mimi nikipona watasahau. Wewe bado una miaka mingi humu ndani."

Nikakubali. Tena nikasikia nafuu! Hiyo nafuu ndiyo inayoniuma.

Alhamisi, 14 Machi
Mshipa umehamishwa! Nimeshika mkono wake wa kushoto: una joto, mapigo yapo. Bomba lenyewe Jumamosi. Ila sauti yake imepotea, neva yake iliguswa shingoni. Daktari kasema huenda ikarudi.

Mume wangu kamwinamia kitandani, anamsema: Jumamosi asituaibishe tena. Mzee hawezi kujibu. Ananitazama tu, anatikisa kichwa taratibu. Nisiseme.

Nimesema.

"Yale maziwa nilimpa mimi."

Mume wangu katoka bila kuniangalia. Mama mkwe kamchukua mtoto mikononi mwangu — kunipokea au kuninyang'anya, sijui. Nipo kwenye benchi la nje. Mlango wameurudishia. Mtoto analia huko ndani, na hakuna aliyeniita.